Elfu Ishirini, Elfu Kumi

Kwa zaidi ya miaka thelathini madaktari wa saratani ya damu waliitii namba ambayo hakuna kikao kilichoipitisha wala jaribio lililoithibitisha. Namba yenyewe ni 20,000. Kila asubuhi mgonjwa wa lukemia alitolewa damu kidogo, damu ikapelekwa maabara, na majibu yakirudi kwamba chembe sahani zimeshuka chini ya 20,000 katika kila mikrolita, mfuko wa chembe sahani uliagizwa benki ya damu. Uliagizwa hata kama mgonjwa ameketi kitandani anakunywa chai na hajatokwa na tone. Daktari kijana akithubutu kuuliza kwa nini isiwe 15,000 au 8,000, alielekezwa kwenye makala moja ya mwaka 1962. Aliyejisumbua kuitafuta na kuisoma alikuta waandishi wake wanasema jambo jingine kabisa: hawakuona mpaka wowote.

Chembe sahani ni vipande vidogo mno vinavyomeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho. Mtu mwenye afya ana kati ya 150,000 na 400,000 katika mikrolita moja ya damu, na kila moja huishi siku nane hadi kumi tu. Mwaka 1882 Mtaliano Giulio Bizzozero, aliyekuwa akifanya kazi Turin, alionyesha kwamba mshipa ukijeruhiwa hizi ndizo zinazowahi kufika, zikajibandika penye jeraha na kushikana mpaka tundu lizibe. Mwenye lukemia hupungukiwa nazo mara mbili. Kwanza uboho wake hujaa seli changa za saratani zisizoacha nafasi ya kutengeneza kingine. Kisha zinakuja dawa, ambazo hufagia uboho wote, wabaya na wema, na kwa wiki mbili au tatu mgonjwa huishi bila kiwanda.

Mtu wa kwanza kuonyesha waziwazi kwamba upungufu huu ndio unaomwaga damu, na kwamba unaweza kutibiwa kwa damu ya mtu mwingine, alikuwa William Duke, daktari Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Boston. Kipimo chake kilikuwa rahisi: alitoboa kidogo ncha ya sikio, akawa anaifuta damu kwa karatasi ya kunyonya wino kila baada ya nusu dakika, akihesabu muda mpaka ikome. Mwaka 1910 alichapisha habari za wagonjwa waliokuwa wakitokwa na damu bila kukoma, akiwamo kijana mmoja wa Kiarmenia aliyekuwa akivuja puani. Mishipa ya mtoaji na ya mgonjwa iliunganishwa moja kwa moja, damu ikapita ikiwa ya moto. Chembe sahani zikapanda, damu ikakoma. Siku chache baadaye zilishuka tena, na Duke aliliandika hilo pia bila kulificha. Ukitaka kujua matatizo yote yaliyofuata katika miaka mia moja, yamo katika sentensi hiyo: dawa inafanya kazi, na haidumu.

Ungetarajia hospitali zikimbilie ugunduzi huo. Hazikukimbilia. Benki ya damu ya Hospitali ya Cook County, Chicago, ilifunguliwa mwaka 1937, nyingine zikafuata, na zote zilijengwa kwa ajili ya chembe nyekundu. Damu iliwekwa ndani ya chupa za kioo, chupa zikawekwa ndani ya jokofu, na kanuni ya karani mwangalifu ilikuwa kutoa kwanza chupa ya zamani zaidi ili isiharibike. Kwa mwenye upungufu wa damu utaratibu huo ulikuwa wa busara. Kwa mwenye kukosa chembe sahani ulikuwa hauna maana yoyote, kwa sababu chembe hizo hunata kwenye kioo, na baridi huziumiza.

Vita ndivyo vilivyorudisha swali mezani. Watu wengi walionusurika na moto wa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945 walianza, wiki chache baadaye, kutokwa na madoa mekundu ngozini na damu kwenye fizi. Mionzi ilikuwa imeua uboho wao. Jeshi la Marekani lilitaka kujua la kufanya, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Eugene Cronkite, George Brecher na wenzao walikuwa wakitenganisha chembe sahani za mbwa na kuwaongezea mbwa wengine waliopigwa mionzi. Wakati huohuo Carl Walter, daktari mpasuaji wa Boston, alikuwa amebuni mfuko wa plastiki wa kuchukua nafasi ya chupa. Mfuko huo haukubuniwa kwa ajili ya lukemia, lakini bila huo sehemu iliyobaki ya historia hii isingekuwapo.

Mwaka 1955 Emil Freireich, mwana wa wahamiaji wa Kihungari aliyekulia umaskini Chicago na kumpoteza baba angali mtoto mdogo, aliripoti kazini katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, Bethesda, jimbo la Maryland. Kwa simulizi yake mwenyewe, alipofika aliona mlangoni kibao chenye jina Emil Frei, akadhani serikali imelikata jina lake. Kumbe Emil Frei alikuwa mtu mwingine, na wawili hao wakafanya kazi bega kwa bega kwa miaka mingi chini ya Gordon Zubrod. Zubrod alimpa Freireich wodi ya watoto wenye lukemia kali.

Waliofanya kazi humo wamesimulia mara nyingi, na maneno yao hayatofautiani sana. Watoto walitoka damu puani, midomoni, katika mkojo na choo. Mashuka yalilowa, nguo za wauguzi zililowa, na ukuta nao haukusalimika. Hapakuwa na dawa ya kuponya ugonjwa, na wengi wa watoto hawakufika hata mahali pa kujaribiwa dawa, kwa sababu damu iliwawahi. Huu ndio msingi wa kila kitu, na huwa unasahaulika tunapobishana kuhusu namba tukiwa ofisini: kuwaongezea watu chembe sahani hakukuanza kama kinga. Kulianza kama namna ya kumweka mtoto hai wiki mbili zaidi ili dawa ipate nafasi ya kufanya kazi.

Wakubwa wa wakati huo waliamini kwamba damu ya mwenye lukemia ina kitu kinachozuia kuganda. Freireich alichanganya damu yake mwenyewe na ya wagonjwa katika vichupa vya maabara, akaona dosari inarekebika. Kama kungekuwa na kizuizi, kingeizuia na damu yake pia. Basi kilichokosekana ni chembe sahani. Lakini benki ya damu ilikuwa ikimpa damu iliyolala jokofuni, kwa utaratibu uleule wa kutoa ya zamani kwanza. Alipotaka damu mbichi alionekana msumbufu. Katika simulizi zake humtaja mhubiri mmoja, baba wa mgonjwa, aliyewaleta waumini wa kanisa lake kutoa damu palepale, ikamwingia mtoto kabla haijapoa. Mtoto akaacha kutoka damu.

Simulizi ya mtu mmoja haitoshi, na sifa ya kundi la Bethesda ni kwamba hawakuishia hapo. Freireich alishirikiana na Paul Schmidt wa benki ya damu na mtakwimu Marvin Schneiderman, wakalinganisha damu mbichi na damu iliyohifadhiwa kwa wagonjwa wanaotoka damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1959: mbichi ilizuia, ya jokofuni haikuzuia. Baada ya hapo walijifunza kuzitenga chembe sahani na kumrudishia mtoaji chembe zake nyekundu, hivyo mtu mmoja akaweza kutoa tena na tena kwa mgonjwa yuleyule. Mhandisi wa kampuni ya IBM, George Judson, ambaye mwanawe alikuwa ameugua lukemia, alikuja kuwasaidia kutengeneza mashine ya kuzungusha damu na kuitenganisha mfululizo. Mashine za leo zinazokaa pembeni ya kiti cha mtoaji zimetokana na kazi hiyo ya miaka ya 1960.

Mwaka 1962 ikatoka makala ambayo kila mtu ameinukuu. Lawrence Gaydos, Freireich na mtakwimu Nathan Mantel walichukua kumbukumbu za wagonjwa 92 wa lukemia kali na kuuliza: katika siku ambazo hesabu ilikuwa kiwango fulani, ni siku ngapi mgonjwa alitoka damu? Mchoro wao ni mstari unaopanda taratibu kadiri hesabu inavyoshuka. Damu nyingi ilikuwa nadra hesabu ikiwa juu ya 20,000, na ya kutisha ilizidi hesabu ilipokuwa chini ya 5,000. Hapakuwa na ngazi wala ukingo wa kuporomokea. Wenyewe walisema hivyo.

Sasa mpe mchoro huo daktari wa zamu aliye na wagonjwa kumi na mbili, simu inalia, na anatakiwa aamue kabla ya saa nne asubuhi. Hawezi kuagiza mfuko kwa kufuata mteremko. Anahitaji mstari. Jicho lake linatua pale ambapo damu nyingi inaanza kuonekana, na hapo ni 20,000, namba nzuri isiyo na masalia. Hakuna aliyedanganya. Namba iliteleza kutoka kwenye mchoro hadi kwenye mazoea, na kutoka kwenye mazoea hadi kwenye daftari la maagizo ya wodi, na baada ya miaka kumi ikawa inafundishwa kama sheria ya maumbile.

Kulikuwa na mdudu mwingine ndani ya takwimu hizo. Wagonjwa wenye homa siku hizo walipewa aspirini. Haikujulikana bado kwamba aspirini inazizima chembe sahani kwa maisha yake yote. Hilo lilithibitika karibu na mwisho wa miaka ya 1960. Kwa hiyo sehemu ya damu iliyohesabiwa Bethesda huenda ilitokana na chembe zilizokuwapo lakini hazifanyi kazi. Madaktari walilijua jambo hili, wakaacha aspirini, na namba ikabaki palepale.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Ile 20,000 iliokoa watu. Uchunguzi wa vifo 414 vya lukemia kali kati ya mwaka 1954 na 1963, uliochapishwa mwaka 1965, ulionyesha kwamba vifo vilivyohusishwa na kutoka damu vilipungua kutoka asilimia 67 hadi 37 katika kipindi hicho. Na kwa kuwa damu haikuwa tena inamaliza kazi kabla ya dawa, Frei na Freireich waliweza kuthubutu kuchanganya dawa nne kwa mpigo kwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1960, jambo ambalo wenzao waliliona ni ukatili. Kutoka hapo ndipo watoto wa kwanza walianza kupona kabisa.

Sehemu iliyofuata ya hadithi ni ya uhifadhi, na nitaipita upesi. Mwaka 1969 Scott Murphy na Frank Gardner wa Philadelphia walionyesha kwamba jokofu ni adui: chembe zilizowekwa kwenye nyuzijoto 22 ziliishi mwilini muda mrefu kuliko zilizopoozwa. Tangu hapo zinahifadhiwa katika joto la chumba, zikitikiswa polepole mchana na usiku. Faida hiyo ilikuja na gharama yake, maana bakteria nao hupenda joto la chumba. Marekani iliruhusu siku saba za kuhifadhi mwaka 1984, ikarudi siku tano mwaka 1986 baada ya maambukizi. Siku tano. Kila mfuko unaotolewa kwa mgonjwa asiyeuhitaji ni mfuko ambao hautakuwapo keshokutwa kwa mwingine.

Na kuongezewa si jambo la bure kwa mpokeaji pia. Mwili wake unaweza kujifunza kuzishambulia chembe za wageni, na siku anapozihitaji kwelikweli zinateketezwa ndani ya saa moja. Katika miaka ya 1980, virusi vya UKIMWI vilipogunduliwa katika damu ya kuongezewa, kila mfuko ulianza kutazamwa kwa wasiwasi, na swali la zamani likarudi kwa sauti kubwa: je, huyu anayekunywa chai anahitaji kweli?

Jibu la kwanza lilikuwa limekwisha kutoka mahali pasipotarajiwa, yaani chooni. Sherrill Slichter na Laurence Harker wa Seattle walizitia alama ya kromiamu yenye mnururisho chembe nyekundu za wagonjwa, kisha wakapima kiasi cha damu kinachopotea kwenye choo kikubwa kila siku. Matokeo yao ya mwaka 1978 yalikuwa ya kushangaza. Wenye hesabu ya zaidi ya 10,000 walipoteza kiasi kilekile anachopoteza mtu mzima asiyeumwa. Kati ya 5,000 na 10,000 upotevu uliongezeka kidogo. Chini ya 5,000 uliruka. Baadaye Slichter alikadiria kwamba mwili hutumia chembe kama 7,000 tu kwa mikrolita kila siku kuziba nyufa za kawaida za kuta za mishipa midogo. Kumbe kazi ya kutunza kuta haihitaji jeshi kubwa.

Ungedhani takwimu kama hizo zingebadilisha mazoea mwaka uliofuata. Hazikubadilisha. Mwaka 1986 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliitisha mkutano wa wataalamu kuhusu chembe sahani, nao wakakubaliana kwa tahadhari kwamba 20,000 hutumika na kwamba huenda wagonjwa wengi wakastahimili chini ya hapo. Hiyo ni lugha ya watu wasiotaka kumzika mgonjwa kwa ajili ya kanuni mpya. Ninawaelewa. Daktari akitoa mfuko usiohitajika hakuna anayemuuliza. Akiuzuia mfuko, na usiku huo damu ikavuja ubongoni, atalijibu swali hilo maisha yake yote.

Waliothubutu kwanza walikuwa Zürich. Jürg Gmür na wenzake walishusha kiwango hadi 5,000 kwa mgonjwa asiye na homa wala kutoka damu, wakapandisha hadi 10,000 kwa mwenye homa au damu kidogo, na kufika 20,000 kwa mwenye matatizo ya kuganda. Mwaka 1991 waliripoti wagonjwa 102 waliotunzwa hivyo kwa miaka kumi, na haikuonekana mvua ya damu iliyokuwa ikitabiriwa. Walichokosa ni kundi la kulinganisha. Mwenye shaka angeweza kusema kwamba Waswisi wana wauguzi wazuri, na hoja ingeishia hapo.

Hoja ilifungwa na Waitalia. Paolo Rebulla na kundi la vituo 21 waliwagawa kwa kura wagonjwa 255 wenye lukemia kali ya mieloidi: wengine waongezewe chini ya 10,000, wengine chini ya 20,000. Walimwacha nje mgonjwa wa aina ya promielositi, ambaye damu yake huvuja kwa sababu nyingine na huhitaji kiwango cha juu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Damu nyingi iliwatoka asilimia 21.5 katika kundi la 10,000 na asilimia 20 katika lile la 20,000, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Mifuko iliyotumika ilipungua kwa zaidi ya moja ya tano, au kwa kusema kama walivyosema wenyewe, asilimia 21.5. Mgonjwa mmoja wa kundi la 10,000 alikufa kwa damu ya ubongo, na kwa haki kabisa habari hiyo haikufichwa. Ilichukua miaka 35 tangu mchoro wa Bethesda hadi mtu kupiga kura kati ya namba mbili.

Baada ya hapo namba ilishuka upesi, kama mlango ambao kila mtu alikuwa akingoja mwingine ausukume. Wajerumani walithibitisha mwaka 1998, miongozo ikabadilishwa, na kufikia miaka ya 2000 daktari wa zamu Ulaya au Marekani aliagiza mfuko chini ya 10,000 bila kutetemeka.

Swali lililobaki lilikuwa la ujasiri zaidi. Kama 20,000 ilikuwa mazoea tu, je, kinga yenyewe si mazoea? Kwa nini usingoje damu itoke ndipo uongeze? Kabla ya kulijibu, Slichter aliuliza lingine kuhusu kipimo: mfuko uwe mkubwa kiasi gani? Jaribio lake, lililochapishwa mwaka 2010 kwa wagonjwa 1,272, lililinganisha dozi ndogo, ya kati na kubwa, kubwa ikiwa mara nne ya ndogo. Waliotokwa na damu ya kiwango cha kuhesabika walikuwa asilimia 71, 69 na 70. Kipimo hakikubadilisha kitu. Tazama asilimia zenyewe, hata hivyo. Kati ya wagonjwa kumi waliopewa kinga kwa uangalifu wote, saba walitoka damu. Muhina wa zaidi ya nusu saa na mkojo wenye damu vimo katika hesabu hiyo, si mauti tu, lakini ilitosha kuonyesha kwamba kinga ya chembe sahani haikuwa ngome iliyodhaniwa. Homa, maambukizi, figo zilizochoka na kuta za mishipa zilizoharibiwa na dawa zina sauti yake, na hesabu ya asubuhi haizisikii.

Majaribio mawili yalikuja kulijibu swali la kungoja. Ujerumani, Hannes Wandt na wenzake katika vituo vinane waliwagawa wagonjwa 391: nusu waongezewe kila asubuhi hesabu ikiwa 10,000 au pungufu, nusu waongezewe pale tu damu inapotoka. Mwaka 2012 waliripoti kwamba kungoja kulipunguza mifuko kwa theluthi moja. Waliopandikizwa seli zao wenyewe walistahimili vizuri. Wenye lukemia kali hawakustahimili: damu za ubongoni zilitokea upande wa waliongojewa, na wagonjwa wawili walikufa kwa sababu hiyo. Upande wa pili hakufa hata mmoja kwa damu.

Mwaka uliofuata Simon Stanworth wa Oxford aliripoti jaribio la wagonjwa 600 katika vituo 14 vya Uingereza na Australia. Asilimia 50 ya waliongojewa walitoka damu ya kuhesabika, dhidi ya asilimia 43 ya waliokingwa. Hapa pia waliopandikizwa seli zao wenyewe walionyesha tofauti ndogo sana, na wenye lukemia tofauti kubwa. Watu wawili waliokuwa tayari kuivunja kinga walijikuta wameitetea. Mimi naona hapo ndipo penye heshima ya kisa hiki chote: waliwekeza miaka katika wazo lao, wakachapisha ushahidi ulioangusha nusu yake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mambo haya si ya mbali kama yanavyosikika. Taasisi ya Saratani ya Uganda, Kampala, ilizaliwa mwaka 1967 kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ileile ya Bethesda, ikiongozwa mwanzoni na Mmarekani John Ziegler, kwa ajili ya uvimbe wa taya uliokuwa umeelezwa Mulago na Denis Burkitt. Dawa za mchanganyiko zilivuka bahari mapema. Chembe sahani ni kazi ngumu zaidi kuvusha. Pasipo mashine ya kutenganisha, chembe za mtoaji mmoja wa nusu lita hazitoshi. Mtu mzima anahitaji za watoaji wanne hadi sita, zikusanywe, zipimwe, ziwekwe kwenye kitikisi katika nyuzijoto 22, na zitumike kabla ya siku ya tano. Umeme ukikatika au sikukuu ikaangukia katikati ya wiki, hesabu inaharibika. Kwa ndugu waliosimama dirishani wakiambiwa wakatafute watoaji, kushusha kiwango kutoka 20,000 hadi 10,000 si ubishi wa majarida. Ni watu wachache zaidi wa kubembeleza, na kwa mara ya kwanza wanaweza kuambiwa kwa uhakika kwamba mgonjwa wao hapunjwi.

Miongozo ya Marekani ya mwaka 2015 iliandika 10,000, na ile ya mwaka 2025 imeandika tena 10,000 kwa anayepewa tibakemikali. Pembeni ya namba hiyo madaktari wazoefu huandika mambo mengine kwa kalamu: ana homa, anaumwa kichwa tangu jana, ana aina ya promielositi, kesho anachomwa sindano ya mgongo, chembe nyeupe zimepanda mno. Kila moja huisogeza namba juu, na daktari mzuri haombi radhi kwa kuisogeza.

Lipo kundi moja ambalo namba hii hailitoshi vizuri. Takwimu za jaribio la Slichter zilipochambuliwa upya mwaka 2012, watoto walionekana kutoka damu kuliko watu wazima kwa hesabu ileile ya chembe sahani: zaidi ya asilimia 85 ya walio na umri wa miaka 12 na chini, dhidi ya asilimia 67 ya watu wazima. Majaribio ya Ujerumani na Uingereza yaliyouliza kama ni salama kungoja yaliandikisha kuanzia miaka 16. Chini ya umri huo, daktari anayesoma majibu ya asubuhi anatumia ushahidi uliopatikana kwa watu wengine.